Nyumba Isiyo na Jiko

Yai la kobe haligeuzwi.
La kuku, kuku mwenyewe huligeuza kwa mdomo wake,
lakini la kobe, jinsi lilivyotoka mchangani
ndivyo unavyolilaza kashani,
na juu yake unatia alama ya penseli
ili mkono ukisahau, jicho likumbuke.

Kipimajoto alinifundisha Kasanda, mwenye banda,
hapa Sikonge, nyuma ya maghala ya tumbaku.
"Ukizidisha joto kidogo, Milembe, wanatoka majike.
Ukipunguza, madume. Wateja wanataka majike."
Basi nilikesha usiku wa Julai, kipupwe kikipenya magunia,
nikiongeza mkaa kipande kwa kipande,
nikiamua nani azaliwe nani.
Hakuna aliyeniuliza kama hilo ni langu kuamua.
Mimi nilikuwa nawaza ada ya Ntambi.

Sitasema uongo: banda lile lilitulisha.
Bati la nyumba ya mama ni mayai mia tatu na kitu.

Kasanda alikuwa na neno lake la kutuliza roho:
"Hawa si wa porini. Wamezaliwa kashani.
Msitu hawaujui, watautamani vipi?"
Nami niliamini, mpaka Novemba ile
mvua ya kwanza ilipoanguka mbali, upande wa Ipole,
kwetu haijafika, ni harufu tu,
na watoto arobaini na mmoja
wasiowahi kukanyaga jani la mninga
walinyanyua shingo
wakageukia mlango.

Niliufunga. Ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Tuliwatia katika vifuko vya kitambaa, mmoja mmoja,
gari mpaka Tabora, treni ya usiku, kisha ndege.
Polepole ya kobe humfikisha mbali, hunena wahenga.
Hawa walifika mbali kwa siku nne
bila kuinua mguu.

Barua ilikuja Januari, na picha ndani.
Mtu mwema; wema wake unauona.
Sanduku la kioo, taa nyekundu, bakuli la maji,
majani yamekatwakatwa kama ya mtoto anayeota meno.
Nyuma ya kioo, dirisha. Nyuma ya dirisha, theluji,
kana kwamba mtu kajikwaa
akamwaga unga wa muhogo juu ya dunia nzima.
"Amekataa kula," aliandika. "Taa haizimwi
usiku wala mchana. Nimekosea wapi?"

Kasanda akanipa karatasi: "Mjibu. Wewe ndiye unayewajua."

Nimwambie nini?
Kwamba huku Januari ni mwezi wa uyoga,
kobe yule angekuwa na mdomo mwekundu kwa kula,
akimfukuza jongoo, na jongoo akimshinda mbio?
Kwamba watu husema kobe hana shida, nyumba anayo mgongoni,
lakini nyumba ile haina jiko?
Jiko lake lilikuwa jua.
Tulimhamisha na nyumba yake, jiko tukaliacha,
na taa, ndugu yangu, hata iwe kali vipi,
haijui kuchwa.

Niliandika: Mwogeshe maji ya vuguvugu.
Mpunguzie mwanga usiku, alale. Mpe uyoga, ukipata.
Nikafuta "ukipata". Nikairudisha.
Nilitaka kuongeza: usinunue mwingine.
Kalamu ilisimama pale hadi wino ukafanya doa.
Barua ikaenda na doa lake.

Mwaka uliofuata nilishusha joto, nyuzi mbili tu,
nikasingizia mkaa mbichi.
Wakatoka madume watupu. Nikajiona shujaa.
Kasanda alikuna kichwa siku moja, ya pili akacheka,
akawauza kwa bei ya kutupa,
na kwa bei ile wakaondoka mara mbili ya wale wa awali.

Nimeacha kazi. Ntambi yuko kidato cha tatu.
Dirishani kwangu lipo yai moja, halikuanguliwa,
alama ya penseli bado iko juu.
Najua ndani hamna kitu.
Nikipangusa vumbi, napangusa kulizunguka.